Nge wa Chuma: Muundo na Matoleo ya Bastola Rashasha ya Škorpion, na Mtihani wa Istilahi

Utangulizi

Miongoni mwa lawama zinazotupiwa Kiswahili kila kukicha ni kwamba lugha hii ni hodari katika mashairi na methali, lakini hulegea inapotakiwa kueleza mtambo. Lawama hiyo haijibiwi kwa maneno matupu. Hujibiwa kwa kuuchukua mtambo mmoja, kuufungua mbele ya msomaji na kuueleza kuanzia nje hadi ndani. Makala haya yanadhamiria kufanya hivyo kwa kuitumia silaha ndogo iliyobuniwa nchini Chekoslovakia, inayojulikana kama Škorpion vz. 61.

Uteuzi wa silaha hii una sababu. Kwanza, muundo wake ni fumbo la uhandisi lililofumbuliwa kwa ustadi. Pili, historia yake inaonyesha jinsi chombo kinavyoweza kumponyoka aliyekibuni na kuingia mikononi mwa watu ambao hakuwakusudia. Tatu, aina ya silaha ambayo kwayo Škorpion ni mfano maarufu imetajwa katika Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004. Katika fasili yake ya silaha ndogo, itifaki hiyo inataja bunduki za aina mbalimbali na, pamoja nazo, bastola zinazofyatua mfululizo. Mfasiri anayeikabili ibara hiyo kwa Kiswahili hawezi kuchagua neno kabla ya kukijua kitu chenyewe. Hapa ndipo isimu na chuma vinapokutana.

Bastola rashasha ni nini?

Bastola ya kawaida, hata ile inayojipakia yenyewe, hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Mpigaji akitaka risasi ya pili sharti aachilie kifyatulio na kukivuta tena. Silaha ya namna hii huitwa nusu-otomatiki. Bombomu, kwa upande mwingine, huendelea kutema risasi maadamu kifyatulio kimeshikiliwa, lakini ni zito na aghalabu huwekwa juu ya miguu yake. Katikati ya mipaka hii miwili zimo bunduki fupi zinazofyatua mfululizo huku zikitumia risasi ndogo za bastola. Nchi nyingi zilizitumia katika Vita vya Pili vya Dunia: Sten ya Waingereza, MP 40 ya Wajerumani na PPSh-41 ya Wasovieti.

Bastola rashasha ni kitukuu cha ukoo huo. Ina tabia ya bombomu ndani ya umbo linalokaribia la bastola. Huweza kubebwa kiunoni, kupigwa kwa mkono mmoja, na vilevile kutema risasi mfululizo. Ufupi na wingi wa risasi ndiyo sifa zake kuu, na kama itakavyobainika, ndiyo pia chimbuko la matatizo yake.

Asili ya majina

Kabla ya kuingia katika chuma, inafaa kusimama kidogo kwenye maneno. Neno bastola ni la mkopo, na lina jamaa wengi Ulaya: pistola la Kiitaliano na Kireno, Pistole la Kijerumani, pistolet la Kifaransa. Wanaleksia wengi wanaufuatilia ukoo huu hadi kwenye neno la Kicheki píšťala, lenye maana ya filimbi au bomba, ambalo katika karne ya 15 lilitumiwa kuitaja silaha ya mkono iliyobebwa na Wahussi katika vita vyao huko Bohemia. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anapotamka bastola, yamkini anatamka mwangwi wa filimbi ya Kicheki.

Jambo la kuvutia ni kwamba Kiswahili nacho kiliona kitu hichohicho. Neno kasiba, ambalo ni jina jingine la mtutu wa bunduki, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwanzi au tete. Mcheki na Mwarabu, pasipo kuonana, walilitazama bomba la chuma na kila mmoja akakumbuka kitu chenye uwazi ndani yake. Si hayo tu. Mzinga wa nyuki umempa Mswahili jina la silaha kubwa ya kivita kwa sababu ya umbo lake, na risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kinachofyatuliwa. Sitiari ni karakana kongwe ya istilahi.

Jina Škorpion lenyewe ni sitiari. Maana yake ni nge. Silaha hii ina kitako cha waya mnene ambacho, kikikunjwa, hupinda na kulala juu ya mgongo wake mithili ya mkia wa nge ulioinuliwa tayari kuchoma. Herufi vz. zinazotangulia namba ni kifupisho cha neno la Kicheki vzor, yaani kielelezo, na 61 ni mwaka 1961 ilipokubaliwa rasmi.

Chanzo chake

Škorpion ilibuniwa na Miroslav Rybář mwishoni mwa miaka ya 1950. Haja iliyokuwapo ilikuwa bayana. Katika jeshi lolote wapo watu wengi ambao kazi yao ya kwanza si kupigana kwa bunduki: madereva, askari wa vifaru, wahudumu wa mitambo ya mawasiliano na maafisa wa makao makuu. Bunduki ndefu huwasumbua. Hukwama mlangoni mwa gari na kugonga vyuma ndani ya kifaru. Bastola ya kawaida haiwasumbui, lakini aliyefunzwa kidogo huikosa shabaha kwa urahisi. Rybář alitakiwa kuunda kitu kinachobebeka kama bastola na kinachomsaidia mtu kujitetea zaidi ya bastola.

Uundaji wake ulifanywa katika kiwanda cha Česká zbrojovka mjini Uherský Brod kuanzia mwaka 1963 hadi 1979. Mbali na wanajeshi, silaha hii iligawiwa vikosi vya usalama vya nchi hiyo, ambavyo vilivutiwa na udogo wake.

Muundo na utendaji kazi

Vipimo vyake vinaeleza mengi. Kitako kikiwa kimekunjwa, urefu wote ni milimita 270, yaani chini ya rula ya mwanafunzi. Kikikunjuliwa, urefu hufikia milimita 517. Mtutu una milimita 115 na uzito wa silaha bila risasi ni takriban kilo 1.3. Magazini zake ni mbili: fupi ya risasi 10 na ndefu ya risasi 20. Ubavuni pana swichi yenye alama tatu: 0 kwa usalama, 1 kwa risasi mojamoja, na 20 kwa mfululizo. Namba hiyo ya mwisho ni lugha ya ishara iliyo wazi. Inamwambia mpigaji kwamba asipoachilia kifyatulio, magazini nzima itakwisha.

Risasi yake ya asili ni ya milimita 7.65, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kuanza kutumika mwishoni mwa karne ya 19. Ni risasi ndogo ambayo kichwa chake huwa na uzito wa gramu 4.6 hivi, hali ya kuwa kile cha risasi ya milimita 9 ya Parabellum hukaribia gramu 8. Wengi wamestaajabia uteuzi wa risasi dhaifu kwa silaha ya kijeshi, lakini muundo mzima umejengwa juu ya udhaifu huo. Risasi kali ingehitaji chuma kizito cha kuizuia, na chuma kizito kingeliondoa lengo la wepesi.

Ili kufahamu hoja hii, yafaa kuufuata mwendo wa risasi moja. Nyuma ya mtutu pana kipande cha chuma kinachoziba chumba cha risasi. Kwa kuwa kazi yake inafanana na ya komeo la mlango, hapa kitaitwa komeo. Katika Škorpion, kabla ya kufyatua, komeo huwa limekwisha kusonga mbele na risasi imo chumbani. Kifyatulio kinapovutwa, nyundo huachiliwa na kuigonga sindano, nayo sindano huichoma fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Baruti huwaka na gesi yake husukuma pande mbili: kichwa cha risasi huenda mbele, ganda nalo husukumwa nyuma dhidi ya komeo.

Hapa pana tofauti ya kuzingatiwa. Katika bunduki nyingi kubwa, komeo hufungwa kwa meno ya chuma hadi msukumo upungue. Katika Škorpion halifungwi na chochote. Linazuiwa na uzito wake pamoja na nguvu za springi tu, mfano wa mlango usio na kufuli uliozuiwa kwa gunia la mahindi: anayeusukuma ataufungua, lakini atachelewa kidogo. Ucheleweshaji huo mdogo hutosha kichwa cha risasi kutoka mtutuni. Kisha komeo hurudi nyuma, hulitoa ganda na kulirusha juu, huirudisha nyundo mahali pake, na linaposukumwa mbele na springi huchukua risasi mpya kutoka kwenye magazini.

Kufyatua huku komeo likiwa mbele ni sifa ya kupigiwa mstari. Zile bunduki fupi za Vita vya Pili zilizotajwa zilianza na komeo likiwa nyuma. Kifyatulio kikivutwa, kipande kizima cha chuma kiliruka mbele na kuitikisa silaha kabla risasi haijatoka. Škorpion haina mtikiso huo wa awali, kwa hiyo risasi yake ya kwanza hulenga vizuri zaidi.

Hata hivyo, udogo una adhabu yake. Komeo jepesi linalosafiri umbali mfupi huenda na kurudi upesi mno. Likiachwa lijiendee, silaha ingetema risasi zipatazo 1,000 kwa dakika, na magazini ya risasi 20 ingekwisha kwa sekunde 1.2. Hakuna mkono unaoweza kuituliza silaha ya kilo moja na ushei katika hali hiyo.

Ufumbuzi wa jambo hili ndio kiini cha ustadi wa Rybář. Ndani ya mpini kuna kifaa cha kupunguza kasi. Komeo linapofika mwisho wa safari yake ya kurudi, hunaswa na kulabu. Wakati uohuo huigonga chuma ndogo yenye uzito, ambayo hutupwa chini ndani ya mpini dhidi ya springi yake. Chuma hiyo hushuka, husimama, kisha husukumwa juu tena. Ni pale tu inaporudi ndipo inapoifungua kulabu na kuliachilia komeo liende mbele. Ni sawa na mtu anayedundisha mpira sakafuni na kumwambia mwenziwe asiondoke mpaka mpira utakaporudi mkononi. Safari hiyo ya kushuka na kupanda ni fupi mno kwa jicho, lakini hushusha kasi hadi risasi 850 hivi kwa dakika. Magazini ya 20 sasa hudumu sekunde 1.4. Tofauti yaonekana ndogo katika hesabu, lakini hupunguza mtetemo kiganjani. Aidha, kifaa hicho kimewekwa mahali ambapo hakiongezi urefu, kwa kuwa mpini ungekuwapo kwa vyovyote vile.

Mambo mengine yapitiwe kwa ufupi. Alama ya shabaha ina sehemu mbili za kupinduliwa, moja kwa mita 75 na nyingine kwa mita 150, ingawa udhaifu wa risasi hufanya umbali mfupi kuwa uwanja wake halisi. Vishikio vya kuvutia komeo viko pande zote mbili, jambo linalomfaa pia mwenye shoto. Ganda hurushwa juu badala ya ubavuni, nacho kitako kikikunjwa hakizuii njia yake.

Matoleo yake

Udhaifu wa risasi ya milimita 7.65 uliwasukuma wabunifu kujaribu risasi nyingine. Vz. 64 iliundwa kwa risasi fupi ya milimita 9 ya Browning, vz. 65 kwa risasi ya milimita 9 ya Makarov, iliyokuwa ya kawaida katika majeshi ya Mkataba wa Warsaw, na vz. 68 kwa risasi ya Parabellum. Hii ya mwisho iliilazimu silaha kunenepa na kuongezeka uzito, jambo linalothibitisha hoja iliyotangulia kwamba wepesi wa Škorpion ulikuwa mateka wa risasi yake. Matoleo haya matatu hayakuvuka hatua ya majaribio.

Wazo hilo lilifufuliwa baadaye. Vz. 82 ilitumia risasi ya Makarov na vz. 83 ile fupi ya Browning. Mtu anaweza kuzitambua kwa kutazama magazini. Magazini ya milimita 7.65 imepinda kidogo kwa sababu ganda lake lina ukingo uliotokeza nyuma, hivyo risasi zikipangwa hujipinda. Ya milimita 9 imenyooka kwa kuwa ganda lake halina ukingo wa namna hiyo. Vilevile palikuwa na toleo lisilofyatua mfululizo lililoitwa CZ-91S, lililokusudiwa soko la raia.

Nje ya Chekoslovakia, Škorpion iliundwa kwa leseni huko Yugoslavia katika kiwanda cha Zastava mjini Kragujevac, ambako lilipatikana toleo la M84. Nchi zote mbili zilizoiunda, Chekoslovakia na Yugoslavia, hazipo tena katika ramani. Silaha zake bado zipo.

Si kwamba Škorpion ilikuwa peke yake. Wasovieti walikuwa na bastola ya Stechkin ya mwaka 1951, ambayo nayo ilikuwa na kipunguza kasi ndani ya mpini. Poland iliunda PM-63, iliyopewa jina la utani Rak, yaani kamba wa majini. Kumbe Wacheki hawakuwa peke yao kumwazima mnyama mwenye silaha mwilini. Marekani ilikuwa na MAC-10 ya Gordon Ingram, ambayo kasi yake ilipita risasi 1,000 kwa dakika.

Kutoka kwa dereva hadi kwa muuaji

Kila sifa iliyomfaa dereva wa kifaru ilimfaa pia mtu mwenye nia mbaya. Silaha inayoenea katika gari dogo huenea pia chini ya koti. Risasi isiyorusha mkono wa askari asiye hodari haimrushi mkono mwanagenzi wa mauaji.

Ushahidi uko Italia. Tarehe 16 Machi 1978 kundi la Red Brigades lilimteka nyara jijini Roma Aldo Moro, aliyewahi kuwa waziri mkuu, na kuwaua walinzi wake watano. Baada ya siku 55, tarehe 9 Mei, maiti yake ilipatikana nyuma ya gari aina ya Renault 4. Miongoni mwa silaha zilizotumiwa kumuua ilikuwamo Škorpion.

Kisa cha Škorpion nyingine ni cha kuogofya zaidi. Wataalamu wa risasi walibaini kwamba silaha ileile iliyotumiwa kuwaua vijana katika mtaa wa Acca Larentia jijini Roma mnamo Januari 1978 ndiyo iliyomuua mchumi Ezio Tarantelli mwaka 1985, Lando Conti aliyekuwa meya wa Florence mwaka 1986, na seneta Roberto Ruffilli mwaka 1988. Ilipatikana mwaka huohuo wa 1988 katika maficho mjini Milan. Silaha moja ilipita mikononi mwa wauaji kwa muda wa miaka kumi. Mtambo uliobuniwa kwa ajili ya kujihami ulikuwa umegeuka kitu cha kurithishana.

Suala la istilahi

Sasa yafaa kurejea kwa mfasiri. Je, silaha hii iitweje? Majina manne yanaweza kupendekezwa.

La kwanza ni bastola ya otomatiki. Jina hili linapotosha, kwa kuwa watengenezaji wengi wamekuwa wakiziita bastola za kawaida zinazojipakia otomatiki, ingawa hutoa risasi mojamoja. La pili ni bombomu dogo. Hili linataja tendo lakini linapoteza umbo, na linaibua picha ya kitu chenye miguu. La tatu ni bastola ya mashine, ambalo ni tafsiri sisisi. Kasoro yake ni kwamba kila bastola ni mashine. Isitoshe, Wajerumani hutumia neno Maschinenpistole, linaloonekana kuwa na maana hiyo, kwa ukoo mzima wa bunduki fupi kama MP 40. Atakayefasiri neno kwa neno atapotoka akidhani amefika.

Wacheki wenyewe hawakuiita bastola hata kidogo. Jina lake rasmi ni samopal, lenye mzizi wa samo, yaani -enyewe, na pal, unaohusu kufyatua, takriban kijifyatuacho. Walichagua kutaja tendo badala ya umbo.

Jina la nne, ambalo limetumiwa katika makala haya, ni bastola rashasha. Rashasha ni neno la asili ya Kiarabu linalohusiana na kunyunyiza, nalo ni jamaa wa rasharasha, mvua ya manyunyu. Jina hili lina sifa zinazotakiwa katika istilahi. Ni angavu: bastola hutaja umbo, rashasha hutaja tendo. Ni fupi. Zaidi ya yote, linazalisha: bastola rashasha husimama pamoja na bunduki rashasha, na msomaji akalitambua jamii moja. Sehemu za silaha nazo zinaweza kupatikana kwa njia zilezile za lugha. Kifyatulio kimeundwa kutokana na kitenzi fyatua kwa kuongezewa viambishi vya kutajia kifaa. Kwa kanuni hiyohiyo kipunguza kasi hueleweka bila kamusi. Komeo, nyundo, sindano na mpini vimeazimwa kutoka nyumbani na karakanani. Neno la kigeni lisiloepukika, kama magazini, limepokelewa kwa matamshi ya Kiswahili.

Suala hili si mchezo wa maneno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Shahidi atasimama kizimbani na kusema aliona bastola; mkalimani atatakiwa kuuliza ni ya namna gani; na hati ya kuteketeza silaha itatakiwa kuorodhesha kila aina kwa jina lake. Bastola itoayo risasi moja na ile inayomaliza 20 kwa sekunde moja na nusu zikiitwa kwa jina moja, sheria itakuwa imefumba jicho moja.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba Škorpion ni matokeo ya mapatano: risasi dhaifu ili komeo liwe jepesi, komeo jepesi ili silaha iwe ndogo, na kipunguza kasi ili udogo huo usiwe balaa mkononi. Matoleo yaliyojaribu kuvunja mapatano hayo kwa risasi kali yalilipa kwa uzito. Imedhihirika pia kwamba udogo huohuo uliiondoa silaha hii kiunoni mwa dereva na kuitia mafichoni mwa wauaji.

Kwa upande wa lugha, maelezo yote hayo yamewezekana kwa msamiati ambao sehemu yake kubwa tayari imo vinywani mwa wasemaji. Kilichopungua ni mazoea ya kuutumia mahali pa kiufundi, wala si maneno. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kuyafungua mambo ya namna hii, yakiwemo yasiyopendeza, kwa sababu jamii haiwezi kulidhibiti jambo ambalo haijaweza kulitaja. Nge asiye na jina humchoma mtu, na majirani wasijue waonyane juu ya nini.